Ng'ombe wa Jirani Niliyemfanya Wangu

Aibu hii nimeibeba karibu mwaka mzima na nilikuwa nimeapa nitaingia nayo kaburini, lakini kwa vile hapa kijijini kwetu Bahati kila mtu anaijua tayari (hata wale akina mama wa kuuza mboga sokoni hunisalimia kwa tabasamu ambalo silipendi), nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, maana watu wakiisimulia wao wanaongeza chumvi, na hadithi yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha. Msinihurumie. Mkifika mwisho mtaona kwamba hakuna aliyenisukuma, niliingia shimoni kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na niseme ukweli, uenyekiti ulikuwa umeniingia kichwani. Nilikuwa nimezoea kukaa kiti cha mbele na kuletewa chai kwa kikombe chenye kisahani wakati wenzangu wanakunywa kwa vikombe vya plastiki. Sasa siku moja akaja ofisa wa shirika fulani, akasema wanaleta binti wa kujitolea kutoka ng'ambo, anasomea udaktari wa mifugo, atakaa nasi wiki sita akizunguka boma kwa boma kuwaona ng'ombe na kufundisha usafi wa maziwa, na wanatafuta familia ya kumkaribisha, iwe na chumba safi na iwe na ng'ombe wa maziwa. Chumba nilikuwa nacho, cha binti yangu Shiru. Banda la ng'ombe pia nilikuwa nalo, zuri kweli, sakafu ya simiti na mabati juu. Ng'ombe ndiye sikuwa naye, nilimuuza mwaka uliotangulia Shiru alipoingia college.

Ofisa amesimama kwa geti langu, kalamu mkononi, akaniuliza, "Na ng'ombe yako iko wapi, mama?"

Wakati huo huo, kando ya barabara, mkabala na ua wangu, alikuwa amefungwa Madam akila nyasi zake. Madam ni ng'ombe wa Mama Chebet, jirani yangu ambaye tumepakana naye miaka ishirini, mjane, na Madam ndiye ng'ombe wake wa pekee. Alimwita Madam kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu wa kike na hapendi kuharakishwa. Ningesema tu, "Sina." Neno moja, na yote haya yasingetokea. Badala yake mkono wangu ukainuka wenyewe, nikanyoosha kidole na kusema, "Si ule pale."

Ofisa akaandika, akanishukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nikimtazama Madam, na Madam akinitazama huku akitafuna.

Jioni ile nikaenda kwa Mama Chebet na kumweleza. Alicheka mpaka ikabidi aketi juu ya debe. "Ai, Mama Shiru! Sasa ng'ombe nayo inaazimwa kama sufuria?" Lakini alikubali, kwa sababu yeye ni mtu wa kukubali. Tukapatana Madam alale kwa banda langu zile wiki sita, nyasi zitoke kwangu, maziwa yote yabaki kuwa yake, na yeye awe akipita kwenye lile pengo la ua wetu asubuhi na jioni kuja kukamua. Aliniomba kitu kimoja tu.

"Ukiona kitu yoyote huelewi juu ya Madam, uniite. Usijifanye unajua."

Nikasema ndiyo, ndiyo, haraka haraka, kama mtu ambaye mawazo yake yameshafika kwenye mapazia mapya ya chumba cha mgeni.

Mgeni akaja. Jina lake Lotte, wa Uholanzi, miaka ishirini na mitatu, mrefu hivi kwamba wiki ya kwanza aligonga kichwa kwenye mlango wa jikoni kila siku na kila siku akaomba msamaha, sijui alikuwa anauomba mlango au mimi. Kiswahili chake alikuwa amekitoa kwenye kitabu, basi akawa anamwambia "shikamoo" kila mtu, hata watoto wa nursery, na watoto wakawa wanamvizia njiani makusudi ili wapigiwe shikamoo. Alikuwa mtu wa kazi. Alijifua nguo zake mwenyewe kwa beseni (vibaya, lakini alijifua), alijifunza kusonga ugali ukatoka kama uji tukaula hivyo hivyo, na baridi yetu ya asubuhi ilipomshika alivaa sweta mbili na kuendelea. Kutwa alikuwa njiani na gumboots zake na begi la vipimo, anaingia boma hili na kutoka lile, anapima joto la ng'ombe, anaangalia viwele, anaandika kila kitu kwenye daftari. Nilimpenda, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma zaidi.

Nilidhani Wazungu huamka saa mbili. Huyu aliamka saa kumi na moja. Asubuhi ya kwanza Mama Chebet alikuwa hajafika bado, nami nikasikia "Hodi, mama, ninataka kuona unakamua," na tochi yake tayari inamulika mlangoni. Ningefanya nini? Nikabeba ndoo, nikakaa kwenye kistuli, nikaanza. Kama umewahi kufuga unajua ninachotaka kusema. Ng'ombe humjua mkamuaji wake, na akishikwa na mkono asioujua anayapandisha maziwa huko juu na kuyafungia, unavuta na kuvuta unapata hewa. Nilipata kiasi cha kulowesha ulimi wa paka. Madam akanigeukia, akanipiga usoni na mkia, mkia ambao sitaeleza ulikuwa na nini.

Mama Chebet akaingia na aproni yake, akaona mambo yalivyo, akanigusa bega nikasimama. Akakaa yeye, akaanza kamwimbo kake ka chinichini, na Madam akashusha pumzi na maziwa yakaja, chwaa, chwaa, ndoo ikajaa povu. Lotte akafurahi sana. Akaniuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Sijui hata sasa kwa nini sikusema tu ni jirani yangu anayenisaidia. Nadhani niliogopa swali la pili. Nikasema, "Huyu? Huyu ndiye hushughulika na ng'ombe."

"Ni mfanyakazi wako?"

"Eeh," nikasema.

Mikono ya Mama Chebet ilisimama kidogo tu, kisha ikaendelea. Baadaye, Lotte akiwa ameenda kupiga mswaki, nilimfuata kwenye pengo la ua, nikacheka cheka, nikamwambia unajua nilikosa la kusema. Akasema, "Ni wiki sita tu. Sitakufa." Safari hii hakucheka. Niliona hakucheka, na nikaenda kupika chai.

Basi mgeni wangu, kwa kuwa amelelewa vizuri na wazazi wake, akaanza kumhurumia mfanyakazi wangu. Kwa nini hali na sisi mezani? Akawa anampelekea chai huko bandani, mkate umepakwa siagi. Akampa jozi ya gumboots zake. Siku moja nikiwa jikoni nikamsikia akimuuliza kwa kile Kiswahili chake cha pole pole, "Mama Chebet, je, Mama Shiru anakupa siku ya kupumzika?"

Mama Chebet akamjibu, "Jumapili ananiwacha niende kanisa."

(Kanisani huwa tunakaa benchi moja, mimi na yeye, na kitabu cha nyimbo tunashika pamoja kwa sababu miwani yangu ilivunjika.) Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini haikupasuka, na mimi sikutoka jikoni.

Mtauliza, na watu wa kijiji je? Walijua wote! Nani hapa asiyemjua Madam? Lakini kwetu huwezi kumvua mtu nguo mbele ya mgeni, aibu ya boma moja inakuwa ya kijiji kizima, kwa hivyo walinisitiri. Walikutana na Lotte njiani, akawaambia anakaa kwa mama mwenye ng'ombe mzuri anayeitwa Madam, nao wakasema, "Kweli kabisa, ni ng'ombe mzuri." Kisha wakikutana na mimi, "Mwenyekiti, na ng'ombe yako inaendelea aje?" Uso mkavu, bila hata kope kucheza. Nikawa naitikia, "Anaendelea poa." Ilifika mahali hata mimi nikaanza kuamini.

Wiki ya nne kukawa na matayarisho ya siku ya wafugaji, ile tunaita fildi dei, na Lotte akawa anaandikia kila ng'ombe kadi yake. Tukakaa mezani, kalamu yake ikiwa tayari. Alizaa lini mara ya mwisho? Nikakisia. Alipandishwa lini tangu azae? Sasa hapo ndipo ningesimama, nivuke lile pengo hatua kumi tu, niulize. Lakini ni mwenye ng'ombe gani asiyejua ng'ombe wake alipandishwa lini? Na mimi miezi ile ya nyuma nilikuwa Naivasha kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua, nilikaa huko hadi mtoto akaanza kucheka, kwa hivyo sikuona daktari akija wala akienda. Nikasema, "Hajapandishwa."

"Kwa hivyo hana mimba?"

"Hana."

Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akapiga na mstari chini.

Siku yenyewe tulikutana kwenye uwanja wa dip ya zamani, ile ya kuogeshea ng'ombe. Palikuwa na hema, chifu, yule ofisa, na watu hata kutoka upande wa pili wa bonde. Mimi nilivaa suti yangu ya bluu, ile ya harusi. Mama Chebet alikuwa nyuma huko na akina mama wengine kwenye masufuria ya chai. Daktari wa mifugo, kijana mmoja mpole, akashika kipaza sauti na kueleza kwamba leo kuna sindano ya kuamsha joto, yaani hamu ya dume, ili ng'ombe wetu wote waje kwa joto pamoja na wapandishwe mbegu bora kwa siku moja. Halafu akasema, na alisema mara mbili, "Kama ng'ombe wako ana mimba, asidungwe. Hii dawa itaitoa mimba."

Nilimsikia vizuri kabisa. Na kwa kuwa ng'ombe wa mwenyekiti lazima awe wa kwanza, nikamleta Madam mbele, au tuseme Madam alinileta mimi, maana alinivuta uwanja mzima na viatu vya kisigino mpaka tukafika kwenye krashi, ile njia nyembamba ya mbao ya kumbana ng'ombe asigeuke. Daktari akavaa glavu ndefu ya kufika begani ili ampime kwanza. Alipomgusa tu, Madam akarusha teke, mbao zikalia, watu wakarudi nyuma. Lotte akaniambia, "Mama, mshike kichwa, ongea naye, anakujua wewe."

Hapo nikaingiwa na woga. Niliona Madam atakavyonikataa mbele ya chifu na kila mtu, nikaona ule mkia. Nikasema kwa sauti ya uenyekiti, "Daktari, usijisumbue. Kadi imeandikwa. Ng'ombe wangu namjua, hana mimba."

Daktari akatazama ule msururu wa ng'ombe nyuma yetu, akamtazama Lotte. Lotte akainua kadi na kuitikia kwa kichwa. Daktari akavua glavu, akachukua sindano, akavuta dawa.

"Daktari ngoja! Ngoja! Ngoja!"

Alikuwa Mama Chebet. Alikuja mbio kutoka kwenye masufuria, mwiko bado mkononi, leso imeanguka nyuma huko, na mimi miaka ishirini sijawahi kumwona Mama Chebet akikimbia. Akajisukuma kati ya watu akafika akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa Madam, pale pale daktari alipokuwa anataka kudunga.

"Hii ng'ombe iko na mimba. Miezi nne."

Daktari akashangaa. "Mathe, hapa imeandikwa haina. Mwenyewe ndiye amesema."

"Mwenyewe ni mimi."

Lotte akatutazama, mimi, yeye, mimi tena, uso umemwiva, na akasema taratibu, kwa Kiswahili, watu wote wakisikia, "Lakini wewe ni mfanyakazi wa Mama Shiru."

Watu walionisitiri wiki nne nzima waliangalia chini, kila mtu akaangalia viatu vyake. Mama Chebet alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anahema tu, na akasema kwa upole kabisa, "Waambie, Mama Shiru."

Na mimi nikanyamaza. Hiki ndicho kitu ambacho watu wakisimulia hawakitaji, labda kwa huruma, lakini mimi nakitaja. Sindano iko hewani, tumboni mwa Madam kuna ndama, mwanamke ambaye nimemfanya mfanyakazi wangu amenipa nafasi ya mwisho ya kujisafisha mwenyewe, na mimi bado nilikuwa nafikiria kama kuna njia ya kutokea. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Daktari akachoka kusubiri, akavaa tena glavu, na Mama Chebet akashika kichwa cha Madam na kuanza kale kamwimbo, na Madam akatulia kama maji ya mtungi. Daktari akaingiza mkono, akatafuta kidogo, akautoa.

"Iko ndani," akasema. "Dakika moja tu na tungekuwa tumeiua."

Ndipo nikasema. "Ni wake." Sauti yenyewe ilitoka ndogo kama ya mtoto. "Ng'ombe ni wake. Mimi sina ng'ombe."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee mmoja tu alisema "Heh," kisha akakohoa. Mama Chebet akamfungua Madam, wakaondoka pamoja kuelekea kwao, hata hakumvuta, kamba ilikuwa imelegea tu. Chifu akasema tuendelee na ng'ombe anayefuata.

Nyumbani, Lotte alikaa kitandani amejiinamia na ile kadi mkononi. Nilimwambia pole, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Mimi ndiye niliandika. Na nilimuuliza kama unampa siku ya kupumzika." Akalia, na mimi nikasimama mlangoni na suti yangu ya bluu nikashindwa hata kumshika mkono. Hakuhama, ingawa ofisa alimpa nafasi ya kuhama. Lakini zile wiki mbili zilizobaki kila alfajiri alivuka lile pengo akaenda kwa Mama Chebet, akamshikia ndoo, akafagia banda, na kifungua kinywa akala huko. Kwangu alikuja kulala tu, akawa ananisalimia vizuri, kwa heshima, na heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Mimi nilienda kwa Mama Chebet siku ya tatu, na kiondo cha unga na sukari, maana kuomba radhi mikono mitupu si kuomba. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema, "Nilikuita mfanyakazi wangu." Akasema, "Ndiyo, uliniita." Akanipa chai. Tukanywa. Mwishowe akasema yameisha, na Jumapili tukashika kitabu cha nyimbo kama kawaida, lakini uenyekiti niliuacha mwezi huo huo kabla sijaombwa kuuacha.

Basi nimejiwekea nadhiri, na nyinyi ni mashahidi. Mtu akiniuliza nina nini, nitasema ninacho. Ofisa alirudi majuzi akitafuta pa kumweka mgeni mwingine, akasimama pale pale getini, nami nikamwambia, "Nina kuku wanne na chai ya strungi, haina maziwa." Akaandika, akanishukuru, akaenda boma lingine. Iliniuma, sitadanganya.

Lakini iliyoniuma zaidi ni hii. Madam alipofika siku zake, Mama Chebet aliniita mchana mmoja nije nimsaidie kuvuta, kwa sababu miguu ya nyuma ya ndama ilikuwa imetangulia na Madam amechoka. Tukavuta, sisi wawili, hadi ndama akaanguka kwenye majani makavu akiwa mzima, ana doa jeupe kichwani. Mama Chebet akamwinua ndama mguu akaangalia. Jike. Akacheka vizuri, kile kicheko chake cha zamani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu siku ile ya debe, akanipa gunia nimpanguse.

Nikiwa nampangusa akasema, "Nikimpandisha Madam, wewe ulikuwa Naivasha. Nikasema wacha ninyamaze, akizaa jike nimpatie Mama Shiru, hiyo banda yake imekaa bure. Nilitaka ikuwe surprise."

Sikuweza kuinua kichwa. Nikaendelea kupangusa ndama ambaye alikuwa ameshakauka.

"Akiacha kunyonya uje na kamba," akasema, na akaingia ndani kutafuta maji ya kunawa.

Ameshaacha kunyonya sasa, huu ni mwezi mzima. Kila jioni Mama Chebet hunikumbusha pale kwenye pengo, nami hujibu kwamba nitakuja kesho. Kamba nimenunua. Bado sijaenda.